Miguu ya Bata Bukini

Bisha. Wewe bisha tu, mimi nimeshazoea. Nilipokuwa mtoto, kabla sauti yangu haijavunjika, niliwaita bata bukini kutoka mawinguni kwa mdomo wangu mtupu, wakaja. Kundi zima, shingo nyeusi zimenyooka, wakashuka wakizunguka, huku wazungu wamelala kwenye ngano na filimbi zao za dukani za kuitia ndege shingoni wakinitazama kama jini. Hiyo nakupa bure. Ninayotaka kukusimulia ni habari ya Bibi yangu na miguu ya ndege hao. Ukisikia nimepandisha sauti, usiniambie nitulie. Nimetulia miaka mingi.

Tuliishi Haltom City, kwenye nyumba ya kupanga ya Baba Mdogo Elias. Sisi ni watu wa Fizi, tulivuka ziwa kukimbia vita, tukapitia kambini Kigoma, kisha tukaletwa Texas. Wazazi wangu walibaki kule ambako watu hawarudi. Aliyenilea ni Bibi, mama mzazi wa Baba Mdogo, mfupi, mweusi tii, mwenye mdomo ambao kambini uliwafanya hata wagawa unga wapime tena. Nilimpenda kuliko kitu chochote, na sioni haya kusema.

Baba Mdogo alifanya kazi kwenye ghala la mizigo pamoja na mzungu mmoja aliyeitwa Randy, mtu mnene wa ndevu nyekundu. Randy hakuwa na ubaya. Hasira yangu haimhusu. Yeye ndiye aliyempeleka Baba Mdogo kukata leseni ya kuwinda, akamwazima bunduki, akawa anatuchukua Jumamosi za baridi mpaka kwenye shamba la ngano la shemeji yake, kaskazini ya mji. Tulipanga bata wa plastiki ardhini, tukalala chali katikati yao tukiwa tumejifunika majani, umande umeganda mpaka nyasi zinavunjika ukizigusa. Mimi sikupewa bunduki. Nilipewa kuita. Niliijua sauti yao kutoka kwenye bwawa lililokuwa nyuma ya shule yetu, na hicho ndicho kitu pekee nilichojifunza shuleni kikanifaa. Randy alisema hajawahi kuona. Andika hapo: hajawahi kuona.

Sasa, Randy alikuwa na namna yake ya kuchuna ndege, na ndiyo namna ya wengi kule. Anapasua ngozi ya kifuani, anatoa kidari, basi. Bawa moja analiacha limening'inia kwenye nyama, kwa sababu askari wa wanyamapori akikusimamisha njiani anataka kujua umeua ndege gani. Mapaja, shingo, firigisi, miguu, vyote vinaingia kwenye pipa la taka. Nyumbani kidari kinakatwa vipande, kinawekewa jibini na pilipili, kinafungwa kwa bekoni ya nguruwe, kinachomwa. Ni kitamu, sikatai. Nilikula mpaka nikalamba vidole.

Lakini siku ya kwanza tulipofika nyumbani Bibi alifungua lile boksi la barafu, akapekua, akapekua tena.

"Elias, huyu ndege alikuwa hatembei?"

"Vipi, Mama?"

"Miguu iko wapi?"

Baba Mdogo akacheka. "Mama, hapa ni Amerika. Hapa watu hawali miguu ya ndege."

"Mimi nakula."

"Tumetupa, Mama."

Bibi akalifunika boksi. Jumamosi iliyofuata tukiwa tunafunga viatu akaja mlangoni na mfuko wa plastiki, akaomba vizuri kabisa, kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia akiitumia hata kwa wagawa unga. "Baba, nitilie miguu humu. Hata ya ndege wawili tu. Nina hamu." Alimwita mwanawe baba, kwa heshima. Na Baba Mdogo akajibu nini? "Utanitia aibu mbele ya Randy, Mama. Atasema sisi ni watu wa njaa." Mkewe, Mama Mdogo, akacheka jikoni. Watoto wao wakasema kwa Kiingereza kwamba wanasikia kichefuchefu. Ule mfuko ulibaki kwenye kitasa cha mlango siku nzima. Tuliporudi ulikuwa bado pale.

Nikikumbuka ule mfuko natamani kupiga ukuta.

Juma la tatu Bibi hakuomba. Alikuwa anasonga ugali. Akaugonga mwiko kwenye sufuria, akageuka, na sauti yake ikawa ya watu wa zamani, nzito, ya kukufanya uweke kijiko chini.

"Elias mwana wa Mateso, nisikilize. Kwetu mtu haui ndege wa masafa akatupa miguu yake. Ndege huyo ametoka mbali, na miguu yake inaijua njia. Ukiitupa, mguu wako mwenyewe utakugomea. Nimemaliza."

Mimi nilisisimka mpaka kisogoni. Baba Mdogo alitabasamu, lakini niliona amemeza mate.

Kesho yake tukaenda. Niliita, walikuja, wakapigwa wanne. Pale kwenye pipa la taka Baba Mdogo akamweleza Randy habari nzima kwa Kiingereza chake cha kuvunja mawe: mama yangu mzee, mambo ya Afrika, miguu, laana. Na ili Randy acheke vizuri akaonyesha. Akatupa miguu ndani ya pipa mmoja mmoja, kisha akaanza kuchechemea kulizunguka gari, mkono kiunoni, mgongo umepinda, akiigiza sauti ya Bibi. Mama yake mzazi! Mwanamke aliyemvusha ziwa mgongoni! Randy alicheka kidogo, kicheko cha adabu, kisha akanitazama mimi akaacha.

Ilikuwa imebaki mizigo ya bata bandia kule shambani. Baba Mdogo akatangulia, begi begani, bado anachechemea kwa mzaha na kugeuka nyuma kuona kama Randy anacheka. Nguruwe pori walikuwa wamefukua ile ngano usiku. Mguu wake ukaingia shimoni, mwili ukaenda upande wa pili. Nilisikia kifundo kikilia *kwa!* kama kuni kavu. Kwanza nilidhani bado anaigiza.

Alirudi kutoka hospitali na magongo, mguu umefungwa plasta mpaka gotini, na hakuweza kumtazama Bibi. Mama Mdogo aliacha kula chakula kilichopikwa na Bibi. Watoto wakaambiwa wasikae karibu naye. Mimi ndiye niliyebaki nakula kwenye sufuria yake, na nilikula kwa makusudi, kwa kelele, nikimtazama Mama Mdogo machoni.

Jumapili akaja mchungaji wetu na wazee wawili wa kanisa. Wakakaa kwenye makochi, Bibi wakampa kiti cha plastiki.

"Mama," mchungaji akasema, "ulitamka au hukutamka?"

"Nilitamka."

"Ikawa au haikuwa?"

"Si unauona mguu?"

"Basi futa maneno yako mbele ya watu wa Mungu."

"Nifute vipi? Kwani niliandika?"

Nilicheka kwa nguvu. Mzee mmoja akanitoa nje kwa sikio, nikasikilizia dirishani. Mama Mdogo alikuwa anasema, "Mnaona? Hata haogopi. Mwanamke wa kawaida angelia." Halafu nikasikia sauti ya Baba Mdogo, ndogo kama ya mtoto: "Mama, nakuomba. Niachie mguu wangu."

Nikasikia Bibi akisogeza kiti. Kisha akasema, "Kumbe kuomba unajua."

Wakaamua yeye si wa kukaa nyumba ile. Hawakusema mchawi mbele yake. Walisema atapumzika Houston, kwa Shangazi yangu anayekaa Alief. Muumini mmoja akamwendesha. Bibi aliondoka na sanduku moja na sufuria yake, ile wasiyotaka kuila, ameipakata kama mtoto. Hakuna mtu aliyemshika mkono kumwingiza garini ila mimi.

Majira ya baridi yaliyofuata Randy alinipitia. Nilienda, nikalala kwenye ngano, na kundi lilipotokea nikafunga mdomo. Baba Mdogo alininong'oneza, "Ita! Ita wewe!" Nikamtazama tu, kimya kama wale wa plastiki, mpaka ndege wakapita. Kila Jumamosi hivyo, hadi wakaacha kunichukua. Nilipofika umri wa kuweza kuacha shule niliiacha, nikapanda basi mpaka Alief. Sasa nafunga matairi kwenye gereji moja, nalala sebuleni kwa Shangazi, na hakuna mtu Houston anayenishinda kufunga matairi. Bisha na hilo.

Na Baba Mdogo? Kifundo chake hakikunyooka vizuri mpaka leo. Na kila majira ya baridi, gari la mtu yeyote anayeteremka kutoka kule linaleta boksi la barafu. Ndani yake mna bata bukini wazima, na pembeni mfuko umejaa miguu ya ndege wake wengine na wa Randy pia. Anampigia Shangazi simu: "Mwambie Mama, miguu yake hiyo. Yote. Sijabakiza hata mmoja."

Bibi anaibabua kwenye moto wa gesi mpaka ngozi nyeusi inavulika kama soksi. Anang'oa kucha, anachemsha na chumvi na kitunguu, anatia mawese na pilipili. Tunakula kwa ugali tukifyonza vifupa. Ni migumu, nisikudanganye. Yeye anafumba macho.

Sasa ile sehemu niliyokuficha.

Jioni ile ya mchungaji, wageni walipoondoka, nilimkuta Bibi jikoni, nikamuuliza kama mwiko ule wa miguu ni wa watu wetu kweli. Akacheka mpaka akashika meza. "Mwiko gani? Niliutunga pale pale, ugali ukiwa motoni. Nilitaka miguu, mjukuu wangu. Kambini tuliigombania. Niliomba vizuri mara mbili wakacheka, nikajaribu sauti nyingine." Nikamwambia basi twende tuwaambie, wasikufukuze. Akaacha kucheka. "Ukiwaambia nitakuwa nani humu? Kikongwe mwenye njaa ya miguu ya bata. Mimi nimeshachekwa. Waache waogope." Akaniapisha.

Kwa hiyo nilijua. Nilipomshika mkono kumwingiza garini nilijua, na ninajua kila boksi linapofika. Nimewaza mara nyingi kumpigia Baba Mdogo simu, nimwambie hakuna laana, kulikuwa na shimo la nguruwe na mtu aliyekuwa anageuka nyuma kuwachekesha watu kwa kumwigiza mama yake. Nimeshika simu hata nikabonyeza namba. Kisha nakumbuka ule mfuko kwenye kitasa. Mama yake alimwomba, akanyimwa. Anayeletewa boksi leo ni mchawi.

Kwa hiyo ukimwona Haltom City, mtu mrefu anayechechemea na boksi la barafu akitafuta gari la Houston, msaidie kubeba, mpe pole, na ukae kimya. Baridi haijaisha, na Bibi bado ana meno.