Kiherehere na Sakafu ya Mama

Kaka yangu tunamwita Kiherehere, na hatujamwonea. Ukimpa kiti, anakikagua miguu, anakigeuza, kisha anaomba nyundo. Chai huinywa amesimama. Ni fundi wa sakafu za mawe, kazi ya kupiga magoti na si ya kukaa, ndiyo maana inamfaa.

Sakafu iliyomfundisha kazi ni ya sebule ya mama. Marehemu baba aliitandaza kwa mikono yake, marumaru ya jiwe halisi, na tangu afariki mama haruhusu mtu mwingine kuipiga deki, hata baada ya mtoto wa jicho kumfunika macho yote mawili.

Juzi mama alilazwa kufanyiwa upasuaji wa jicho moja. Wifi yangu, mke wa Kiherehere, akataka kumfurahisha. Akanunua chupa iliyoandikwa "Kiboko ya madoa ya marumaru." Sasa shida ni neno lenyewe. Vigae vya kiwandani vya chooni tunaviita marumaru, na jiwe la baba nalo ni marumaru. Chupa ilisema habari za chooni, wifi akaimwaga sebuleni. Povu likapanda, naye akafurahi, akidhani uchafu unatoka. Kumbe tindikali ilikuwa inakula jiwe. Palipokauka pakabaki mabaka yaliyopauka.

"Wifi," alinililia kwenye simu, "mama akiyaona haya kwa jicho lake jipya, nitaweka wapi uso wangu?"

Na mama alikuwa anarudi siku hiyohiyo. Kiherehere alifika na mashine, ndoo na misasa yake, akaanza kuzunguka kabla hajasalimia.

"Si upake nta tu?" nikamwuliza.

"Nta itaficha, haitaponya. Lazima nisage jiwe lote mpaka lilingane, ndipo nirudishe mng'aro."

Akasaga, msasa mkali kwanza, kisha laini, kisha laini zaidi, tope jeupe likitapakaa kila mahali. Mimi ndiye niliyekamua matambara, na mgongo ulinikumbusha kila tambara. Wifi alikuwa dirishani, kila gari likipita anaruka. Mwisho Kiherehere akapaka unga wa kung'arishia, mabaka yakapotea, na mwanga wa dirisha ukalala sakafuni kama zamani. Wifi akanikumbatia huku analia.

"Basi, zima mashine, twende tukamchukue mama," nikasema.

"Kidogo tu."

"Kidogo chako nakijua!"

Alikuwa anapapasa karibu na mlango. Kigae kimoja pale kilikuwa kimeinuka ukingo, unene wa ukucha tu. Baba alikikosea.

"Hiki kimenikera tangu utotoni," akasema.

"Kiache. Mama amewahi kulalamika?"

Nikaenda kumwaga maji machafu. Niliporudi ukingo haukuwepo, na Kiherehere alikuwa anaupangusa mkono wake, ameridhika sana. Nilikasirika, lakini muda ulikuwa umekwisha.

Mama alirudi jicho limefungwa bandeji. La pili halikuwa likiona zaidi ya mwanga na kivuli. Mlangoni akavua viatu, akakataa kushikwa mkono.

"Niacheni. Kwangu naijua njia."

Akatanguliza mguu, akauburuza polepole, vidole vikitafuta. Akaurudisha. Akajaribu tena, upande huu, upande ule. Kisha akarudi nyuma hadi nje.

"Wanangu, mmenileta kwa nani?"

"Kwako, mama," nikasema.

"Kwangu baba yenu hunipokea hapa mlangoni. Nikimkanyaga, najua nimefika."

Wifi akaanza kuomba radhi kwa ajili ya ile dawa, maneno yakimtoka ovyo, lakini mama hakuwa anamsikiliza. Aliendelea kupapasa kwa vidole vya mguu, taratibu, kwenye jiwe laini lisilo na kitu.

Nikamgeukia Kiherehere nimwambie jambo la kumuumiza. Alikuwa amekaa chini.