Sura Ambayo Sikuonyeshwa

Mume wangu alikuwa mwalimu wa sanaa, na mimba yangu ya pili ilipofika miezi saba akaamua kunichora. Ilikuwa miaka ya tisini, tukiishi Amalemba. Alitaka niketi kama wale mabibi wa Ulaya ya kale waliokuwa kwenye kitabu chake: nyuma kweusi, mwanga wa upande mmoja, mikono mapajani. Kisha tumbo aliache wazi, mfuko wa uzazi uonekane, na mtoto ndani na kamba yake ya kitovu, kama kwenye chati ya baiolojia aliyoiazima shuleni.

Nilikubali, halafu nikajuta. Kukaa tuli sikuweza. Nikitulia, mtoto naye anatulia, na hofu inanipanda; nasimama, nazunguka chumba, nanywa maji baridi ili apige teke.

"Keti basi, mwanga unapotea."

"Beba wewe hili tumbo, nikuchore mimi!"

Wa kwanza alitulia hivyo hivyo, akazaliwa amekufa. Mama mkwe, aliyekuwa amekuja kutoka Malinya, alimfunika leso haraka. "Mama haonyeshwangi," akaniambia. "Na usiulize kitu, mwanangu. Utasahau." Nikamtii. Mume wangu ndiye aliyekwenda kumzika.

Picha yenyewe hakutaka niione kabla haijaisha. Jumamosi moja akatoka kununua mafuta ya taa ya kuoshea brashi, nami nikaizunguka meza nikaichungulia. Nilijiona nimepewa shingo ndefu nisiyokuwa nayo, nikacheka. Kisha nikamwona mtoto. Hakuwa yule wa chati. Alikuwa na kishimo kidevuni, na sikio moja limekunjika juu. Sikio kama lile mtu habuni.

Aliporudi sikumngoja hata aketi. "Huyu umemtoa wapi?"

Akaweka chupa chini. "Nilijaribu kuchora wa chati, mkono ukakataa. Huyu ndiye ninayemjua."

Nilishikwa na hasira. Muda wote ule alikuwa na sura hii peke yake, tunakula meza moja, tunalala kitanda kimoja, na mimi sina hata kidole cha kukumbuka. Nilitaka kuichana ile turubai. Badala yake nikavuta kiti nikaketi mbele yake, nikamuuliza alikuwa wa kike au wa kiume.

"Msichana," akasema.