Udongo Mweupe Usoni

Naikumbuka, mwanangu, siku niliyopanda meli Lobito; na kwanza nisahihishe uongo: wanaosema nilikwenda Ulaya kwa ndege hawakuwapo. Kampuni ya shaba iliyoniajiri ukarani ilinituma masomoni Ubelgiji. Nilitoka Kolwezi kwa treni, nikapita Mutshatsha na Dilolo, kwa kuwa reli ile ilikuwa bado haijafungwa.

Baba alinisindikiza hadi bandarini. Alikuwa mstaafu wa reli, mwenye kibali cha kusafiri bure. Chini ya ngazi ya meli alifungua kitambaa akatoa pemba, ule udongo mweupe ambao kwetu mzazi humpaka mwana anayekwenda mbali.

"Inama, mutoto wangu," akasema.

Niliinama, akanipaka kwenye paji la uso. Kisha nikapanda. Juu walisimama wahandisi wawili wa Kizungu, wakanitazama. Nikatoa leso, nikajifuta. Sikungoja hata nifike chumbani! Nilivaa abakosti mpya, ile suti isiyo na tai tuliyovaa badala ya suti ya Kizungu. Nilikuwa nimeacha jina la ubatizo, maana serikali ilituamuru turudi kwenye asili. Na asili yenyewe iliponigusa uso, niliiona uchafu. Mwacha asili ni mtumwa, mwanangu. Mimi niliiacha huku nimevaa sare yake.

Mpishi wa meli, mzee wa kwetu aliyeitwa Tata Kasongo, kwani tata kwetu ni baba, alikuwa ameegemea ukingo.

"Unafuta nini, patron?"

"Vumbi, tata."

"Vumbi! Ule muzee ametoka Kolwezi mupaka huku juu ya kukupaka vumbi? Ku treni vumbi haikukuwa?" Akacheka, kisha akaelekeza kidevu gatini. "Eko anakuangalia."

Nikageuka. Baba alisimama palepale, na meli ilikwisha kuachana na gati. Niliinua leso kumpungia, nikaishusha upesi nilipokumbuka ina nini. Yeye alikunja kitambaa chake polepole, pembe kwa pembe, akakitia mfukoni.

Siku hiyo ya kwanza wenzangu walikula, wakacheza karata, wakastaajabia ukubwa wa maji. Mimi nilitazama nchi kavu hadi ikawa mstari, kisha nikapatazama mahali mstari ulipokuwa. Nilitamani meli irudi hatua ishirini tu, nitamke neno moja. Alasiri nilimwandikia barua safi: namba ya chumba, chakula, hali ya bahari. Msamaha sikuuandika. Niliona hauna mahali pake katika barua yenye adabu.

Niliporudi baada ya masomo, alinipokea stesheni ya Kolwezi. Niliinama mbele yake. Akanipa mkono, kama mtu ampavyo mkubwa wa ofisi. Aliishi miaka mingi baadaye, nami nilisafiri mara nyingi. Kila safari, mkono tu. Hakuninunia hata siku moja. Sikuthubutu kuomba pemba, naye hakutaka kuniaibisha tena mbele ya watu. Hadi leo, nikisikia treni ikipiga honi, moyo wangu hurudi gatini.

Basi nakuagiza: ukimwonea haya mzazi wako, mwambie kosa lako kwa kinywa chako, siku ileile, hata kama watu wanatazama. Usidhani ukimya wake ni msamaha. Huenda anakuhurumia tu. Radhi ni bora kuliko mali, wala haifiki kwa barua.

Nenda, mwanangu. Mungu akufikishe uendako, na akurudishe ungali na mtu wa kumwita tata.