Mchambuzi Kutoka Harusini

Shemeji yangu Bizumuremyi ni mwalimu wa sayansi ya siasa, kazi ambayo watu wengi wa Gisenyi wanadhani ni kusoma magazeti na kulipwa. Mimi ni mdogo wa mke wake, Vénantie, kwa hiyo nina haki ya kumcheka, na haki hiyo sijaiacha ilale hata siku moja. Nauza vitenge sokoni. Yeye huvaa koti hata jua likiwaka, na hutembea na mkoba mzito ambao nimeshauchungulia: una chaja na karanga.

Alikulia Masisi, upande wa Kongo, akaja huku Rwanda na wazazi wake akiwa kijana, akasoma mpaka akamaliza vyuo vyote vilivyoacha mlango wazi. Kisha akapata kazi ya kufundisha kwa mkataba wa muda. Kila mwaka aliambiwa asubiri ajira ya kudumu, na kila mwaka alisubiri, huku nyumba yao kule Nyamyumba ikiwa na kuta bila bati na dada yangu akiwa na mimba ya tatu.

Ndipo mkuu wa chuo akamwita. Kulikuwa na kongamano la siasa za mipaka linakuja mjini, kwenye hoteli moja kando ya ziwa. Bizumuremyi akiandaa jopo, na mada yake ikachapishwa kwenye kitabu cha kongamano, atapata ajira ya kudumu. Isipochapishwa, mkataba hautarudiwa. Mkuu alisema hayo akitabasamu, kwa sababu wakuu hufundishwa hivyo.

Waandaaji walikubali jopo, lakini la Kiswahili, kwa kuwa kwenye programu nzima walikuwa hawana hata moja na walianza kuona aibu. Masharti: watoa mada watatu, na mchambuzi mmoja, yaani mtu wa kusoma mada zote kabla, kisha asimame mbele ya watu aseme zimekosea wapi. Akipungua hata mmoja, jopo linafutwa.

Sasa, Gisenyi nzima inaongea Kiswahili. Tunagombana kwa Kiswahili, tunapunguziana bei kwa Kiswahili, tunatongozana kwa Kiswahili. Lakini mwambie msomi aandike mada kwa Kiswahili, atakutazama kana kwamba umemwambia aje hotelini na ndala. Bizumuremyi alituma barua pepe kwa wasomi wa Kigali, Butare, Goma na Bukavu. Hakujibu hata mtu wa kumtukana.

“Acha kuandikia watu,” nilimwambia. “Enda ku nyumba zabo.”

Akaenda. Kule Kanzenze alimkuta Tuyisenge, mwalimu wa sekondari aliyewahi kuandika tasnifu juu ya siasa za ushirika wa viazi, akiwa shambani anavuna viazi hivyohivyo. Tuyisenge alikubali aliposikia kwamba hoteli itatoa chakula cha mchana. Gisubizo, karani wa wilaya mwenye digrii na muda mwingi, aliuliza kwanza kama kile kitambulisho cha kuning’iniza shingoni mtu anabaki nacho. Alipoambiwa anabaki nacho, akakubali papo hapo.

Mtoa mada wa tatu alikuwa Bizumuremyi mwenyewe. Mada yake ilihusu foleni ya wanawake wanaovuka mpaka kwenda kuuza Goma: nani anapita mbele, nani anarudishwa nyuma, nani anaamua. Alidai kwamba foleni ile ina serikali yake, ambayo si ya upande huu wala ya upande ule. Nimesimama kwenye foleni hiyo miaka na miaka. Maswali aliniuliza mezani kwangu, akila maharage yangu, na kweli, mambo mengine niliyatia chumvi kidogo ili yapendeze.

Kilichobaki ni mchambuzi. Profesa mmoja wa Goma alikubali, akajitoa. Wa Kigali aliuliza kwanza chumba chake kitatazama ziwa au barabara. Wengine walisema ukweli: hawawezi kumkosoa mtu ambaye mwakani anaweza kupewa nafasi ya kuwakosoa wao. Siku za mwisho Bizumuremyi alikuja kwangu sokoni, akakaa juu ya mzigo wa vitenge bila kuuliza.

“Shemeji, mi nimeisha,” alisema. “Jopo iko, mada ziko. Mutu wa kukosoa ndiye haiko.”

“Donc Gisenyi hii yote inakosa mutu wa kukosoa?” nilicheka. “Mupe basi Gatete.”

Nilikuwa natania. Mzee Gatete alikuwa polisi mstaafu, aliyelelewa Karagwe kule Tanzania, na Kiswahili chake kilikuwa kimepigwa pasi. Baada ya kustaafu alichoka kukaa, akasoma siasa jioni hadi shahada ya uzamili. Lakini jina lake mjini halikutoka chuoni. Lilitoka kwenye harusi.

Kwetu, familia ya bwana harusi ikienda kuomba mchumba haipewi hivihivi. Msemaji wa upande wa msichana anawakatalia kwanza. Anasema hamfahamu binti huyo, au ameshaolewa, au babu yenu alituibia ng’ombe. Wageni wanainama, wanakiri makosa ambayo hayakuwahi kutokea, wanaomba radhi, wanatoa bia. Kadiri anavyokataa kwa ukali ndivyo zawadi inavyokuwa na uzito, kwa sababu mwisho, sauti ikishabadilika, anamtoa binti kwa maneno matamu ambayo watu hukumbuka miaka. Katika kazi hiyo hakuna aliyemfikia Gatete. Nimeona mabwana harusi wakitokwa na jasho huku wakijua fika kwamba ni mchezo.

Bizumuremyi hakucheka. Alipanda pikipiki akaenda moja kwa moja kwa mzee. Gatete alizisoma mada zote tatu, kisha akamuuliza jambo moja tu.

“Mwalimu, unataka nikupokee kwa heshima zote, au nipite juu juu?”

“Kwa heshima zote, muzee.”

Alirudi amefurahi kama mtu aliyekwisha kuajiriwa.

Siku ya jopo nilifunga meza yangu, nikakaa nyuma ukumbini na dada yangu. Mwenyekiti aliyeletwa na waandaaji alikuwa Profesa Annika kutoka Uswidi, aliyejifunza Kiswahili Morogoro. Mama mpole, mwenye kadi mbili mezani: ya njano ukikaribia kumaliza muda, nyekundu ukiumaliza. Tuyisenge akasoma viazi vyake. Gisubizo akasoma wilaya yake, mkono mmoja kwenye kitambulisho. Bizumuremyi akasoma foleni yake vizuri, bila kukohoa. Kisha Gatete akasimama na fimbo yake ya harusini.

Viazi na wilaya alivimaliza kwa sentensi mbili za adabu. Halafu akamgeukia shemeji yangu.

“Mwenyekiti, nimeambiwa hapa kuna mada ya foleni. Nimeitafuta, sijaiona. Nimeona karatasi. Zina vichwa vya habari, zina namba ndogo ndogo chini. Lakini mada haipo.”

Watu wa Gisenyi wakaanza kucheka. Walishajua wako wapi.

“Mwandishi anasema foleni ina serikali. Waziri wake ni nani? Na shahidi wake mkuu ni nani? Ni shemeji yake, anayemlisha maharage.” Ukumbi mzima ukanigeukia. “Isitoshe, ukoo huu tunaujua. Mjomba wake aliwahi kupita mbele ya foleni hiyohiyo na mbuzi, na hadi leo hajaomba radhi.”

Mjomba mwenyewe hayupo na hajawahi kuwepo. Watu walipiga meza. Bizumuremyi alikuwa anatabasamu mpaka masikioni, na Vénantie alinifinya mkono kwa furaha, kwa sababu kukataliwa namna hiyo hupewi kama hupendwi. Profesa Annika alikuwa anaandika haraka haraka, uso umekunjamana.

Gatete akashusha fimbo. Akavuta pumzi. Sauti ikabadilika, ile sauti ambayo kila mtu huku anaijua, na ukumbi ukatulia kuipokea zawadi.

“Hata hivyo,” alisema.

Kadi nyekundu ikapanda.

“Asante sana, ndugu mchambuzi. Muda umekwisha.”

“Mwenyekiti, sijamaliza.”

“Hakuna anayemaliza,” alisema Profesa kwa upole.

Polisi ni polisi hata akistaafu. Ameamriwa, akakaa. Tukabaki tumekodoa macho, kwa sababu binti alikuwa bado ndani na mlango umefungwa. Mwenyekiti akampa mwandishi nafasi ya kujibu, na Bizumuremyi akaona huo ndio msaada: akifanya sehemu yake vizuri, mzee atalazimika kuamka tena. Akasimama, akainama.

“Muzee Gatete, yote umesema ni kweli. Tulikosa. Mujomba alikosa, na mbuzi alikosa. Tunaomba radhi, tunaomba mutuhurumie.”

Akabaki ameinama, anamsubiri Gatete. Profesa Annika alimshukuru kwa moyo. Alisema katika maisha yake ya kazi hajaona mwandishi anayekubali kasoro zake kwa unyenyekevu kiasi hicho, akafunga jopo, na watu wakaenda kunywa chai.

Kwenye korido Profesa, ambaye pia alikuwa mhariri wa kitabu, alimwambia Bizumuremyi kwamba, kwa kuwa yeye mwenyewe amekiri mada haijakomaa, ni vyema isiingie kitabuni. Bizumuremyi akamweleza habari ya harusi, mwanzo hadi mwisho. Profesa alisikiliza kwa hamu kubwa, akauliza kama anaweza kuandika makala juu ya desturi hiyo. Lakini yaliyosemwa kikaoni, alisema, yameshaingia kwenye kumbukumbu.

Nilimchukia Gatete. Nilimwita majina ambayo sokoni hutumika kwa wezi tu. Nyumbani dada yangu alilitundika lile koti, akakaa akilitazama.

Jumapili mzee akaja. Alikuja na kreti ya bia na wazee wawili waliovaa kama kwenye gusaba yenyewe, ile siku ya kuomba mchumba, akasimama uani, akaomba ruhusa ya kumaliza. Nilitaka kumfukuza. Vénantie akaleta viti.

“Nilikataa kwa sababu niliombwa heshima zote,” alisema Gatete. “Sasa natoa. Nimesimama mpakani pale na sare, miaka mingi. Nilidhani ni mimi ninayeipanga foleni. Niliposoma karatasi za huyu mwalimu ndipo nilipojua kwamba wale akina mama walikuwa wameshajipanga kabla sijafika, na kwamba walikuwa wananivumilia. Hakuna aliyewahi kuniambia hivyo, wala mkubwa wangu, wala kitabu. Mada ipo. Ni ya kweli, na mwenye nayo ni huyu. Ichukueni.”

Bizumuremyi alilia waziwazi, koti mkononi. Machozi yangu mimi niliwaambia watu kwamba ni moshi wa mishikaki.

Muda si mrefu Profesa akamwandikia Gatete: uchambuzi wake ndio uliokuwa na uhai kuliko yote kongamanoni, wanauomba kwa ajili ya kitabu. Mzee akajibu kipolisi. Huwezi kuchapisha mashtaka bila mshtakiwa. Kama wanataka maneno yake, waweke na mada aliyoikataa, na waweke na nusu yake ya pili, ile ya uani. Walibishana wiki kadhaa. Mwisho mada ikaingia na kukataliwa kwake kukaingia. Nusu ya pili ikaondolewa kwa kukosa kurasa.

Mkuu wa chuo aliliona jina kwenye kitabu, na hapo ndipo usomaji wake uliishia. Ajira ikatoka. Nyumba ya Nyamyumba ina bati sasa, na mtoto wa tatu anatembea.

Lakini kitabu kiko maktaba, na wanafunzi si wajinga. Kila mtihani yupo anayeandika kwamba hoja ya mwalimu wetu kuhusu foleni haipo, kama alivyoonyesha Gatete, na anaweka ukurasa. Ukurasa ni sahihi. Bizumuremyi anampa alama zote. Mwezi uliopita nilimkuta anasahihisha, nikaona kalamu inasimama kidogo hapo kabla ya kuandika namba, na kucheka kukanishinda.

“Mbona hauwaambie ile ingine, yenye Gatete alisema ku parcelle yako, pale uani?” nilimuuliza.

“Ile mutu hawezi kujisemea, shemeji,” alisema. “Inasemwa na mutu mwingine.”

Basi nimeisema mimi.