Népomuscène, Bingwa wa Kuuma na Kupuliza

Watu wa mtaa wa Musaga wakitafuta mtu wa kuwasemea kwenye posa walimwita Népomuscène, na dada yake Concilie hakuelewa kwa nini. Alizaliwa naye tumbo moja, anamjua: mtu wa kuuma na kupuliza. Majirani wamegombana? Wote wana haki. Mume kampiga mkewe? Mume kakosea, lakini mke naye ajitazame. Mwenyewe aliita hiyo busara. Concilie aliiita uoga uliovaa koti.

Lakini wageni walipokuja kumposa Danielle, binti wa Concilie, baba wa mtoto alikuwa amekwisha kufariki, na kwa mila mama hawajibu wakwe. Kiti cha msemaji kilibaki kwa kaka. Concilie akamvuta hadi nyuma ya nyumba.

"Kaka, neno ni moja tu. Mutoto amalize kwanza masomo ya uuguzi. Anabakiza mwaka moja. Arusi nyuma."

"Dada, we usiwe na wasiwasi. Mi najua kusema."

Anajua kusema, ndiyo. Wageni waliketi upande wao na kreti zao za bia, na baba wa kijana ndiye mkubwa wa Népomuscène kazini. Concilie, mlangoni na sinia ya vikombe, alimwona kaka yake akinyoosha tai na kutabasamu kulia, kisha kushoto.

"Masomo ni kitu kikubwa," alisema. Wa nyumbani wakaitikia. "Lakini na ndoa, kweli, si ya kucheleweshwa." Wageni wakapiga makofi. Msemaji wao akalidaka neno hilo palepale: basi arusi ni Agosti, vitabu atavisomea kwa mume. Népomuscène akajikuna kisogo, akacheka kidogo, asikatae wala asikubali. Danielle aliinamisha kichwa. Nani Musaga asiyejua vitabu vya namna hiyo vinaishia wapi?

Mila ilimkataza Concilie kujibu wakwe; kubeba kiti haikumkataza. Aliweka sinia chini, akamwinua kaka yake kwa kiwiko kama mgonjwa, akakibeba kiti hadi kwa wageni, akakiweka kando ya yule mkubwa.

"Kaka, hapa utakaa muzuri," alimwambia kwa sauti ya chini.

Na akakaa. Bwana mzima, na tai yake, akakaa. Upande wa nyumbani hakukuwa tena na msemaji, na posa isiyo na wa kuijibu haifungwi. Wageni walitazamana, wakaaga, wakaondoka na bia yao haijafunguliwa.

Jumatatu Danielle alivaa sare yake nyeupe akaenda shuleni. Mchana Népomuscène alimwandikia dada yake ujumbe kwenye simu: kwa kweli, kila upande ulikuwa na haki yake. Concilie aliusoma, akaufuta, akaendelea kuchambua maharagwe.