Siku ya Tano kwa Zainah

Niseme mapema kwamba mimi kriketi siipendi. Mchezo unaokula siku tano nzima, wachezaji wanakwenda kunywa chai katikati, na bado unaweza kuisha bila mshindi, huo kwangu si mchezo, ni likizo. Lakini nimekuwa jirani wa Zainah kwa miaka mingi hapa Busia, upande wa Uganda. Mimi nauza mitumba, yeye anauza chai na chapati, na katikati yetu kuna ukuta mmoja wa mabati. Ukiwa jirani wa Zainah utaijua kriketi, utake usitake.

Alizaliwa Tororo, karibu na stesheni ya reli. Babu yake mzaa baba alikuwa fundi wa reli Mpunjabi aliyeoa Mjapadhola, na mama yake Zainah ni Mnubi. Ukimuuliza kabila lake, anakuuliza wewe unataka chai ya maziwa au ya rangi. Kila Jumapili baba yake alimpeleka kutazama wafanyakazi wa Kihindi wakicheza, na mtoto akarudi nyumbani na ugonjwa. Wahindi walipofukuzwa, uwanja ukalimwa mahindi. Baba mtu alibaki kwa sababu hakuwa na kwingine kwa kufukuziwa, na Zainah akabaki na redio. Hana timu. Yeye hushabikia anayepigwa, na sijui mtu mwenye kazi nyingi kuliko shabiki wa namna hiyo.

Aliolewa na Ashiraf, dereva wa lori, akamwambukiza. Ashiraf akamwambukiza kaka yake Faruk. Miaka hiyo ndugu hao wawili walishinda kwenye benchi la Zainah kila palipokuwa na mechi kubwa, na ni Faruk aliyetunga sheria ya benchi. Sheria yenyewe ni hii: wapigaji wawili wakishika mchezo vizuri, wote walioketi wabaki walipoketi mpaka mmoja wao atolewe. Ukinyanyuka umewaponza. Nimeona watu wazima, wenye wake na watoto, wakibana mkojo kwa sababu ya vijana wawili walioko ng'ambo ya bahari ambao hata hawajui Busia iko wapi.

Ashiraf alifariki, na hapo Faruk akaacha kuwa mtu wa benchi akawa mkubwa wa ukoo. Alikuja kwanza kwa maneno matamu. Mjane hakai peke yake mpakani, alisema, mji huu una kila aina ya watu, twende Kiyeyi kwenye shamba la familia. Zainah akamshukuru, akamfungia chapati za watoto. Akaja tena, akafungiwa tena. Kisha ikaja korona, mpaka ukafungwa kwa waendao kwa miguu, na wateja wetu sisi ni waendao kwa miguu. Nikakaa siku nzima nikiangalia mitumba yangu nayo ikiniangalia. Zainah alipika chapati chache, nyingine tukala wenyewe. Faruk alipoona hivyo, utamu ukamwisha. Akatangaza mbele yangu kwamba kibanda kimekufa, kwamba yeye atakifanya stoo ya mahindi, na kwamba Jumanne baada ya uchaguzi atakuja na pikapu kumhamisha.

Kiwanja kile walikinunua Zainah na mumewe, na majirani tulishuhudia. Faruk hakuwa na haki yoyote juu yake, ila ile ya kuzaliwa kabla ya marehemu na kuwa na sauti nzito. Lakini huku kwetu sauti nzito imehamisha wajane wengi. Nilijua kwamba Zainah akipanda pikapu hiyo hata mara moja tu, hata kwa heshima tu, kibanda hatakiona tena. Yeye alimjibu shemeji yake kwamba Jumanne haifai, kuna mechi.

Faruk alicheka. Alidhani ni mzaha.

Mechi ilikuwa India na Australia, kule kwa Waaustralia. Kila upande ulikuwa umeshinda moja, moja ilikuwa imekwisha sare, na hii ya nne ndiyo ya kuamua. Mwezi mmoja nyuma Wahindi walikuwa wamechapwa vibaya hata wakawa kichekesho, na tangu hapo wachezaji wao walikuwa wanaumia mmoja baada ya mwingine, hadi wakawekwa uwanjani vijana ambao hata Zainah hakuwajua. Na uwanja wenyewe ulikuwa ule ambao Waaustralia hawakuwa wamefungwa kwa zaidi ya miaka thelathini. Kwa hiyo mnajua Zainah alikuwa upande gani.

Mechi ikaanza siku moja baada ya uchaguzi, na wiki hiyo intaneti ilikuwa imezimwa nchi nzima. Simu zetu zikawa mawe. Lakini kibanda cha Zainah kiko karibu na mpaka kiasi kwamba mtandao wa Kenya unaingia mpaka kwenye sufuria. Chrispinus, dereva wa lori kutoka Kenya aliyekwama kwenye foleni ya forodha, alikuwa na laini ya kwao, na alikuwa na ugonjwa uleule tangu Kenya ilipofika nusu fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2003. Akakaa kwenye benchi, akawa anasoma mechi kwenye simu, mpira kwa mpira, kwa sauti. Watu waliokuja kutafuta habari za uchaguzi wakakuta habari za kriketi, wakakaa hivyohivyo, wakanywa chai. Siku ya tatu Zainah alikanda unga mara mbili. Jumatatu intaneti ilirudi kwa kuchechemea, lakini watu hawakutoka. Nilifurahi kama aliyefufuliwa, maana mnywa chai huwa anageuza shingo akaona shati.

Jumanne asubuhi benchi zote mbili zilikuwa zimejaa, barakoa zikiwa kwenye videvu. Wahindi walikuwa na siku hiyo moja tu ya kufikia hesabu kubwa ya mikimbio ambayo hakuna aliyewahi kuifikia pale. Chrispinus alieleza kwamba sare ingewatosha, kwa sababu kombe lilikuwa mikononi mwao tayari. Kulikuwa na mpigaji wao mmoja mvumilivu ambaye mipira ilimpiga kofia, mbavu, vidole, akaanguka, akanyanyuka, akasimama palepale. Kila alipopigwa Zainah aliacha kusukuma chapati, akatikisa mkono wake mwenyewe kama uliouma.

Saa tatu ikiwa imepita, pikapu ikafika. Faruk alishuka na kanzu yake safi, wapakiaji wawili nyuma yake. Akasalimia vizuri, kila mtu akaitikia. Kisha akawaonyesha wapakiaji chumba cha Zainah nyuma ya kibanda. Hakumuuliza mwenyewe. Wakatoa kitanda, cha mbao, kile alichoolewa nacho. Wakatoa kabati. Nilisimama mlangoni kwangu na hasira yangu, na nilishindwa kusema kitu, kwa sababu mke wa mtu haingilii mambo ya ukoo wa watu. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa, na siku ile niliona mafundisho hayo yanamfaa nani.

Zainah alimimina chai kwenye vikombe, akamtengea shemeji yake kimoja, akakiweka kwenye nafasi moja iliyobaki mwisho wa benchi. Mgeni hawezi kukataa chai. Mpigaji wa tano wa Wahindi alikuwa ametolewa dakika hiyohiyo, watu wameshika vichwa, na Faruk akaketi.

Hilo ndilo kosa alilofanya. Aliketi wakati mpigaji mpya anaungana na mwenzake uwanjani, na wale wawili wakashika.

Mwanzoni alipuliza chai yake akijifanya hasikii. Chrispinus akasoma: mikimbio minne. Akasoma tena: minne. Faruk akauliza, kama mtu asiyejali, ni nani huyo anayepiga. Akaambiwa ni yule kijana avaaye glavu za kudaka, kichwa moto. Akauliza mrushaji ni nani, mpira una umri gani, amebakiza mipira mingapi. Kisha akajibu maswali yake mwenyewe. Wapakiaji wakaja kusema wamemaliza chumbani, sasa wanataka benchi na meza. Faruk akafanya kutaka kusimama, na benchi zima likamgeukia.

"Kaa chini, mzee," Chrispinus akasema bila kuinua macho kutoka kwenye simu. "Sheria si yetu. Tumeambiwa ni yako."

Faruk akamtazama Zainah. Zainah alikuwa anageuza chapati. Faruk akakaa.

Ndipo ubishi ukazuka. Watu wengine walisema vijana wajilinde tu, muda uishe, sare itoshe, warudi na kombe nyumbani. Hata mimi niliona ni busara. Faruk aliweka kikombe chini. Sikuwa nimemwona akiwaka hivyo tangu mdogo wake yuko hai. Alisema sare ni ya mtu anayeogopa jina la mwenye uwanja. Alisema miaka thelathini si kitu, mwenye uwanja amezoea tu kwamba kila anayekuja huinama, na siku atakapokuja asiyeinama, mambo yamekwisha. "Wametiwa ngeu mwezi mzima," alisema, "halafu leo waombe nusu? Nusu ya nini? Wachukue yote." Watu wakampigia makofi. Zainah peke yake hakupiga, alikuwa ameshika kijiti cha kusukumia, anamsikiliza neno kwa neno.

Mipira ilibaki michache, na yule kijana hakujilinda. Alipiga. Mwenzake akatolewa, akaja mwingine, naye akatolewa ikiwa imebaki mikimbio mitatu. Chrispinus hakuweza tena kusoma vizuri. Sheria ilikuwa imemwachia Faruk mara mbili, angeweza kunyanyuka aende na safari yake, lakini alikuwa amemshika Chrispinus bega, anachungulia simu. Kisha Chrispinus akainuka na simu juu, na tukajua Wahindi wameshinda. Chai ilimwagika kila mahali. Faruk alimkumbatia dereva wa watu asiyemjua, kanzu ikaingia madoa ya maziwa, na nikaona machozi. Nadhani alimkumbuka Ashiraf. Hata mimi nilimkumbuka.

Nilidhani basi, moyo wake umelainika, tumepona. Kumbe hapana. Alijifuta uso, akarekebisha kofia, akasema haya, shemeji, twende sasa, jua linapanda.

Zainah akafuta mikono kwenye kanga. Akasema haendi.

Faruk alitazama watu wote waliokuwa wanatazama, akashusha sauti. Alisema yeye si mtu mbaya. Tugawane, alisema: akae Kiyeyi kwa heshima ya ukoo, na siku za soko aje Busia kuuza chapati, pembeni ya stoo. Ilikuwa na sura ya huruma, na mwaka mmoja kabla labda ingemnasa Zainah.

"Shemeji, hiyo nusu umeikataza mwenyewe sasa hivi, kwa hii benchi," Zainah akasema. "Mimi nimepika hapa tangu mtoto wako wa kwanza yuko kwa mgongo. Sikuja hapa na lori ya Ashiraf. Nilikuja na sufuria yangu. Siendi Kiyeyi leo, na usikuje tena Jumanne ingine."

"Na vitu je? Vitu iko kwa gari tayari."

"Peleka. Ukoo ulitaka kitu ya nyumba ya Ashiraf, hiyo kitanda ni ya nyumba ya Ashiraf. Kabati pia. Peleka Kiyeyi, vikae. Mimi nabaki."

Faruk alikuwa amejiandaa kwa machozi, kwa kelele, kwa mwanamke kung'ang'ania miguu ya kitanda. Kwa hili hakuwa amejiandaa. Wapakiaji wakauliza washushe au wasishushe. Faruk akasema kwa hasira wasishushe, kwamba Zainah atakuja mwenyewe, atakuja Kiyeyi kwa miguu siku ulimwengu utakapomshinda. Zainah akamwambia asalimie watoto, akamkabidhi chapati zilizofungwa. Faruk alizipokea, kwa sababu mikono yake ilikuwa imezoea, akapanda, wakaondoka.

Mimi ndipo nilipopata kinywa changu, pikapu ikiwa imeshapinda kona. Nilimwambia amefanya wazimu, atalala wapi. Akanijibu kwamba mimi nauza mitumba, nina marobota, atalala juu ya marobota. Akaniomba nimsaidie kufuta benchi, wateja wanakuja.

Alilala kwangu wiki mbili, anakoroma, na alfajiri ananiamsha kuniambia matokeo ya mechi ambazo sikuuliza. Baadaye Chrispinus alimletea godoro kutoka upande wa pili, juu ya shehena yake, akalipa mwenyewe. Mpaka ulifunguliwa, wenye miguu wakarudi. Faruk hakuleta pikapu tena, wala hakuomba radhi. Kitanda kiko Kiyeyi mpaka leo, wameniambia hakuna anayekilalia.