Matumbawe ya Mwalimu Docus

Mwalimu Docus alizaliwa Karambi, kwenye migomba na kahawa, na bahari hakuwahi kuitia machoni. Hilo halikumzuia, mwaka 2014, kufundisha matumbawe wiki mbili nzima katika shule moja ya Bwera, mji wa Uganda mpakani na Kongo, mbali na pwani yoyote. Mtaala ulimpa nusu saa. Nusu saa, kwa mnyama ambaye darasa zima lilimdhania jiwe!

"Akiwa mchanga ni kama kichwa cha sindano," aliwaambia. "Anaelea, anachagua ufa kwenye mwamba, anatua. Akishatua hahami tena. Konokono wanamkwangua, mwani unamfunika. Lakini mdharau mwiba, mguu huota tende. Ana mikono midogo yenye sumu, anajijengea ukuta wa chokaa, na akimkuta ndugu yake kando wanaungana kuwa mwili mmoja, wakue upesi."

Habari zikamfikia mkuu wa shule, Zedekia, ambaye Jumapili huhubiri kanisani. Akaja darasani na barua: ama Docus arudi kwenye noti za somo zilizoandikwa, ama mkataba wake uishe. Docus aliogopa, tusidanganyane. Kazi Bwera haziokotwi njiani.

"Mwalimu, bahari iko wapi hapa?" mkuu akauliza.

"Haiko, mukubwa."

"Wewe ulishaiona?"

"Bado."

"Sasa unafundisha namna gani kitu hujaona?"

Docus akaweka chaki chini. "Na wewe, mukubwa, kila Jumapili unatufundisha mbinguni. Ulishafika?"

Darasa likaangua kicheko. Mkuu akavimba. Ah, maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga: Docus akamsogezea hadubini ya darasa. Chini yake alikuwa haidra, mnyama mdogo aliyemtoa dimbwini akiwa ameng'ang'ania jani.

"Hii ni ndugu ya matumbawe, ya maji ya kwetu. Angalia."

Mkuu akainama, apate la kucheka. Kiroboto maji, kidudu cha dimbwini, akapita karibu. Mkono mwembamba wa haidra ukamgusa, akakauka palepale.

"Imemuua!" mkuu akamaka. "Na haina miguu ya kukimbia?"

"Haina. Inapigana pale pale imeshika."

Mkuu akakumbuka ukubwa wake. Akaitandaza barua mezani. "Weka sahihi. Noti tu."

Docus akaisoma hadi mwisho, akamrudishia bila alama yoyote.

"Kipindi kimebaki dakika kumi, mukubwa. Kaa, ama utoke."

Mkuu wa shule akatafuta kiti.